Jembe, Nyumba na Halmashauri Kuu

Katika uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza tangu Katiba ya Muda kuifanya Tanzania nchi ya chama kimoja, TANU ilikabiliwa na mas-ala mazito: vipi mpiga kura wa bara apewe hiari ya kweli ya kumchagua mbunge wake, ilhali hapana chama cha pili cha kushindana nacho? Jawabu lililopatikana ni kuyahamishia mashindano ndani ya chama chenyewe.

Aliyetaka ubunge sharti awe mwanachama wa TANU na adhaminiwe na wapiga kura 25. Kisha Mkutano Mkuu wa Wilaya ukawapigia kura waombaji wote, na majina yakapelekwa mbele ya Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo aghalabu iliwapitisha wawili walioongoza, walakini haikufungwa na hukumu ya wilaya. Hapo, kwa rai yangu, ndipo penye kiini cha tadbiri nzima, kwani aliyeenguliwa na Halmashauri, hata kama wilaya ilimtukuza, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Wawili waliobaki hawakuachiwa kila mmoja ajitembezee na wapambe wake. Mikutano iliandaliwa na chama. Wakasimama jukwaa moja, wakahutubia kwa Kiswahili tu, wakikatazwa kutaja kabila, rangi wala dini. Na maadamu wapiga kura wengi hawakujua kusoma, huyu alipewa alama ya jembe na yule ya nyumba. Alama hizo zilikusudiwa zisimpendelee mtu, lakini mwanasiasa ukimpa jembe mkononi, hata likiwa la karatasi, atalima nalo, na wagombea wakafanya bidii kuzifasiri kwa manufaa yao.

Urais haukupitia njia hiyo. Huko juu jina lilikuwa moja, la Julius Nyerere, na raia aliulizwa ndiyo au hapana. Kwa hivyo hiari ilikuwa pana jimboni, ikawa finyu Ikulu.

Hata hivyo ile ya jimboni haikuwa mzaha. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa katika kura, na wenziwe kadhaa serikalini wakaangushwa vilevile. Bomani, lakini, hakukaa nje: Rais alimrejesha katika Baraza la Mawaziri, akamkabidhi mambo ya uchumi na mipango ya maendeleo.