123456789: Namba Inayojifanya Anwani

Fungua tasnifu iliyohifadhiwa kwenye hazina ya kidijitali ya chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki, kisha usiisome kwanza. Tazama juu, kwenye anwani iliyo kwenye kivinjari. Ni rahisi kukuta neno handle, mkwaju, halafu tarakimu tisa zinazofuatana: 123456789. Baada yake kuna mkwaju mwingine na namba ya tasnifu yenyewe. Nenda chuo kingine, unaikuta namba ileile. Vuka mpaka, bado ipo. Na tusijilaumu peke yetu, maana India na Amerika ya Kusini wanayo pia.

Namba hiyo haikupangwa na chuo chochote. Imetoka kiwandani, ndani ya programu, ikiwa imeshika nafasi ya namba halisi ambayo fundi alitakiwa kuiweka na hakuiweka. Msomaji haoni tofauti, kwa kuwa ukurasa unafunguka vizuri tu. Tatizo linakuja siku seva inapohama, na kuelewa kwa nini, lazima turudi nyuma kidogo hadi kwenye uamuzi uliofanywa Geneva.

Tim Berners-Lee alipobuni wavuti pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, mifumo mingi ya matini zenye viungo iliyomtangulia ilitaka kiungo kijulikane pande zote mbili: hati inayoelekeza na hati inayoelekezwa. Hati ikihama, mfumo unajua na kiungo kinarekebishwa. Yeye aliliacha sharti hilo. Kwenye wavuti unaweza kuelekeza kwenye hati ya mtu yeyote bila kumwomba ruhusa, na yeye anaweza kuifuta au kuihamisha bila kukuarifu. Ukifuata kiungo kilichokufa unapewa jibu la 404, basi. Uamuzi huo ulionekana wa kizembe kwa wataalamu wa wakati ule, lakini ndio ulioiwezesha wavuti kukua bila daftari moja kuu la kuandikisha kila kiungo duniani. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia teknolojia hiyo bila malipo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Minnesota, chenye mfumo wa Gopher wa kusambaza hati mtandaoni, ambao maktaba nyingi zilikuwa zimeukumbatia, kilianza kuzungumzia ada za leseni. Maktaba zikahamia kwenye wavuti, na udhaifu wake zikaupokea pamoja na uzuri wake.

Kwa ukurasa wa matangazo udhaifu huo hauna neno. Kwa maktaba ni balaa. Utafiti wa wanasheria wa Harvard uliotolewa mwaka 2013 ulikuta kwamba takriban nusu ya viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikufikisha tena kwenye maandishi yaliyokusudiwa. Hukumu ipo, ushahidi wake haupo.

Aliyeliona tatizo hili mapema ni Robert Kahn, yuleyule aliyesanifu TCP/IP, itifaki za msingi za intaneti, pamoja na Vint Cerf. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 shirika lake, CNRI la Virginia, lilikuwa kwenye mradi wa kuweka mtandaoni ripoti za kiufundi za sayansi ya kompyuta kutoka vyuo vikuu kadhaa vya Marekani. Mwaka 1995 Kahn na Robert Wilensky waliandika pendekezo lao: jina la hati litenganishwe na mahali hati ilipo. Ni sawa na kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba, huduma iliyofika Tanzania mwaka 2017. Wanaokupigia hawahitaji kujua umehamia wapi.

Utekelezaji wake unaitwa Handle, na ni mwepesi kuliko mtu anavyodhani. Jina lina sehemu mbili zilizotenganishwa na mkwaju. Ya kwanza ni kiambishi cha taasisi, ya pili ni namba ambayo taasisi inajipangia yenyewe. Chuo Kikuu cha Makerere kina kiambishi 10570, Chuo Kikuu cha Nairobi kina 11295. Msomaji akibofya anwani inayoanza na hdl.handle.net na kufuatiwa na 10570, seva inauliza sajili kuu: nani anashughulikia 10570? Sajili inaelekeza kwenye seva ya Makerere. Hiyo nayo inaulizwa: hati hii iko wapi leo? Inatoa anwani ya kawaida ya wavuti, na kivinjari kinapelekwa huko. Yote haya yanapita kabla msomaji hajashtuka. Chuo kikibadili seva au jina la kikoa, kinarekebisha rekodi zake upande wake tu, na marejeo yote yaliyokwisha kuchapwa kwenye vitabu na majarida yanaendelea kufanya kazi.

Wachapishaji wa majarida waliuchukua mfumo huohuo wakaujengea juu yake DOI, ambayo kiufundi ni Handle yenye kiambishi kinachoanza na 10 na nukta. Tangu mwaka 2000 shirika la Crossref limekuwa likiwasajilia namba hizo. Kwa sababu wachapishaji wanauza bidhaa, walijitahidi kuhakikisha anwani hazifi.

Vyuo vikuu vilipata chombo chao Novemba 2002, pale MIT na Hewlett-Packard walipoitoa DSpace, programu huria ya kuendesha hazina ya machapisho. Inapokea faili, inalipa maelezo, inaliweka kwenye utafutaji, na kila kitu kinachoingia kinapewa Handle papo hapo. Gharama ya leseni hakuna. Haishangazi kwamba maktaba za vyuo vyetu ziliichagua, moja baada ya nyingine.

Na hapo ndipo namba yetu inapoingia. DSpace haiwezi kuanza kazi bila kiambishi, na walioitengeneza hawakuweza kumgawia kila fundi kiambishi halali. Wakaweka 123456789 kwenye faili la usanidi ili fundi aweze kujaribu mfumo, na mwongozo unasema wazi kwamba ni ya kushikilia nafasi. Ili kuibadili, fundi anatakiwa aombe kiambishi na alipe ada ya kila mwaka kwa dola. Kisha aendeshe amri inayotengeneza faili la sitebndl.zip, alitume kwa wasajili, asubiri majibu, aweke namba mpya kwenye usanidi, awashe seva ya Handle, na ahakikishe mlango 2641 uko wazi kwa dunia.

Soma orodha hiyo kwa macho ya mtu wa TEHAMA chuoni. Amri haimsumbui. Kinachomsumbua ni hiyo ada. Ni fedha kidogo, lakini ni ya kigeni, inajirudia kila mwaka, na haiingii kwenye fungu lolote la bajeti ya maktaba: si kitabu, si jarida, si kompyuta. Mlango 2641 nao unafungwa na ukuta wa usalama wa mtandao wa chuo, na anayeumiliki ukuta huo yuko idara nyingine. Wakati huohuo mfumo tayari unafanya kazi na uongozi unataka tasnifu zionekane kabla ya mahafali. Namba ya majaribio inabaki. Miaka inapita, tasnifu zinafika maelfu.

Halafu jina la kikoa linabadilika, au mfumo unahamishiwa kwenye seva nyingine. Anwani ya zamani inatoa 404, na namba iliyopaswa kuokoa hali haiokoi chochote. Ukiichukua 123456789 ukaipeleka hdl.handle.net, sajili haimjui mwenyewe. Itamjuaje, na wanaoitumia hivyo wametapakaa duniani kote? Kibaya zaidi, usanidi wa zamani wa DSpace uliiandika anwani hiyo ya hdl.handle.net ndani ya maelezo ya kila hati, kwenye sehemu inayomwambia msomaji hiki ndicho kiungo cha kunukuu. Mwanafunzi mwangalifu, anayefuata maelekezo neno kwa neno, ndiye anayenakili kiungo ambacho hakijawahi kufanya kazi hata siku moja. Mzembe aliyenakili anwani ya kwenye kivinjari anapata afadhali, angalau kwa muda.

Madhara hayaishii kwa msomaji; yanaifikia pia mifumo inayokusanya maelezo kutoka hazina nyingi. Mwezi Oktoba 1999 Paul Ginsparg, Rick Luce na Herbert Van de Sompel waliitisha mkutano Santa Fe, New Mexico, kutafuta namna ya kuziunganisha hazina zilizokuwa zikichipuka kila mahali. Kabla ya hapo maktaba zilitegemea zaidi itifaki ya Z39.50, ambayo hutuma swali la msomaji kwenye katalogi zote kwa wakati mmoja na kungojea majibu. Ina maana kasi ya utafutaji ni kasi ya seva iliyo hoi kuliko zote. Watu wa Santa Fe waligeuza mambo: maelezo ya hati yakusanywe mapema, yawekwe mahali pamoja, na utafutaji ufanyike hapo. Itifaki iliyotokana na mkutano huo, OAI-PMH, ilitoka Januari 2001, na toleo la 2 mwaka 2002. Ina amri sita tu. Mvunaji, yaani programu inayokusanya maelezo hayo, anatuma anwani ya kawaida ya wavuti yenye amri ListRecords na tarehe ya kuanzia, anajibiwa kwa faili la XML lenye rekodi, na mwishoni anapewa tokeni ya kuombea fungu linalofuata. Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuandika programu ya kuvuna.

Kwetu sisi mpango huo ulikuwa na faida ambayo sidhani kama wenyewe waliifikiria sana. Kabla kebo ya chini ya bahari ya SEACOM haijawashwa Julai 2009, vyuo vingi vya ukanda huu vilitoka nje kwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe mmoja kwenda na kurudi ulikula karibu nusu sekunde hata kama kipimo data kilikuwa cha kutosha, kwa kuwa mwanga wenyewe hauendi haraka zaidi ya hapo. Seva iliyo kwenye kiungo cha namna hiyo haiwezi kushiriki utafutaji wa papo kwa papo bila kumkera msomaji. Lakini kuvunwa usiku, fungu kwa fungu, inaweza bila shida.

Sasa angalia utambulisho ambao OAI-PMH inaipa kila rekodi. Unaundwa kwa jina la seva pamoja na Handle. Fundi asipoweka jina la seva, mfumo unajitambulisha kama localhost, yaani kompyuta hiihii. Ndiyo maana kwenye makusanyo ya wavunaji wakubwa unakutana na rekodi zilizoandikwa oai:localhost:123456789, na mkwaju, na namba. Hapo kuna jina la seva lisilo la mtu na kiambishi kisicho cha mtu. Chuo kimoja kikiwa na hati namba 45 na kingine nacho kina ya 45, kwa mashine hizo ni hati moja. Na siku fundi atakaporekebisha jina, mvunaji ataona maelfu ya tasnifu mpya na maelfu ya zile za zamani zisizo na mwenyewe.

Google, kwa upande wake, iliacha kupokea OAI-PMH mwaka 2008. Google Scholar inatambaa kwenye kurasa zenyewe ikitafuta vitambulisho kama citation_title na citation_pdf_url kwenye kichwa cha ukurasa. Wapo waliosema kwamba utafutaji umeshamaliza suala la anwani: andika jina la mwandishi, utaipata tu. Sikubaliani nao. Utafutaji unakuletea kilichopo leo. Tanbihi ya kitabu kilichochapwa miaka kumi iliyopita haitafuti. Inaelekeza.

Ni haki kutaja mfano unaonipinga. arXiv, hazina ya Ginsparg iliyoanza Agosti 1991 kwa barua pepe pale Los Alamos, ilikaa miongo mitatu bila kutegemea DOI zake yenyewe. Ilibadili jina la seva, ikahama Los Alamos kwenda Cornell mwaka 2001, ikabadili mtindo wa namba Aprili 2007, na bado makala ya mwaka wa kwanza inafunguka kwa namba yake ya asili. Hawakununua udumu kwa sajili. Walikuwa na watu waliolipwa kuhakikisha kwamba kila mabadiliko yanaibeba namba ya zamani. Chuo chenye watu hao kinaweza kuishi hata na 123456789. Chuo ambacho fundi wake mmoja ndiye pia anayetengeneza printa za ofisi ya mitihani kinaihitaji sajili zaidi.

Nafasi ya kurekebisha ipo sasa hivi. Msaada wa DSpace 6 ulikoma mwaka 2023, na toleo la 7, lililotoka 2021, lilibadili anwani za kurasa kabisa: hati zinaitwa kwa msimbo mrefu chini ya neno items, huku anwani za zamani za handle zikielekezwa upya. Anayehamia toleo jipya atagusa usanidi, seva na ukuta wa usalama kwa vyovyote. Ombi la kiambishi litangulie kuhama, ada iingizwe kwenye fungu lilelile linalolipia kikoa kila mwaka, kisha iendeshwe amri ya update-handle-prefix, ambayo inabadili namba kwenye rekodi zote kwa mkupuo. Zile anwani zenye 123456789 zilizokwisha kuchapwa zitahitaji kanuni ya kuelekeza upya kwenye seva ya wavuti, na kanuni hiyo iandikwe kwenye kitabu cha makabidhiano, kwa sababu atakayeikuta baada ya fundi huyu kuondoka ataiona kama takataka na kuifuta.