Mla-Mbegu au Chiriku? Uhakiki wa Jina la Ndege wa Milimani

Katika kijitabu kimoja cha mafunzo kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza tumekutana na jina "mla-mbegu wa Kipengere", likifuatwa na maelezo haya: "ndege mdogo wa milimani alaye mbegu". Tulilisoma jina hilo na maelezo yake mbele ya walimu kadhaa wa Visiga, huko Kibaha, tukawauliza ni ndege gani anayetajwa. Mmoja alijibu kuwa ni kwelea kwelea. Wa pili alisema ni mnana. Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza alicheka, akasema: "Mla mbegu si ndege, ni mtu. Ni yule aliyeishiwa chakula akala alichokiweka apande."

Waliojibu ni watatu, na hapana hata mmoja aliyemfikia ndege aliyekusudiwa. Yafaa basi tumtazame kwanza ndege mwenyewe, ndipo tulipime jina lake.

Ndege huyu kwa jina la kitaalamu ni Crithagra melanochroa. Aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi ni Mjerumani Anton Reichenow, mwaka 1900. Haishi popote duniani ila Tanzania, katika misitu na vichaka vya milima ya kusini: safu ya Kipengere iliyo kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, mlima Rungwe, na milima ya Udzungwa. Ni wa rangi ya kahawia, mwenye mdomo mnene, na upande wake wa chini ni mweupeupe wenye michirizi mingi myeusi. Katika milima hiyo hiyo yuko ndugu yake, Crithagra whytii, ambaye naye ana michirizi. Lakini huyo ana mstari wa manjano juu ya jicho, mfano wa unyusi, na huyu wetu hana. Mwenye kutaka kuwatenganisha na atazame jicho kwanza.

Sasa turudi kwenye jina. Kasoro ya kwanza ni kwamba halitambulishi. Kwelea kwelea hula mbegu. Mnana, shomoro na tetere vile vile. Hata jina la Kiingereza lililofasiriwa neno kwa neno si jina la ukoo mmoja, kwani Waingereza hulitumia pia kwa ndege wa Amerika ambao ni wa ukoo mwingine kabisa. Mfasiri amechukua utata wa lugha ya watu akauongeza juu ya wetu.

Kasoro ya pili ndiyo aliyoiona yule mzee. Katika kinywa cha mkulima wa Kiswahili, mbegu kwanza ni kile kilichotengwa kwa ajili ya kupandwa. Kinacholiwa ni nafaka, au punje. Kwa hiyo "mla-mbegu" halisikiki kama maelezo ya chakula cha ndege. Lasikika kama shutuma. Ndege aliyepewa jina hilo amekwisha kuhukumiwa kuwa mwizi wa shamba kabla hajaonekana.

Wako watakaosema kuwa tunatia chumvi. Hebu na tufikirie kazi za ofisini. Kwelea kwelea ni adui wa kweli wa mpunga, mtama na uwele, na katika nchi yetu makundi yake hunyunyiziwa sumu kwa eropleni. Bwana shamba apokeapo waraka unaosema "ndege walao mbegu", atamweka katika orodha moja kwelea kwelea, ambaye makundi yake huhesabiwa kwa maelfu na malaki, pamoja na ndege wa msituni asiyepatikana nje ya milima michache ya Tanzania. Istilahi mbaya darasani humpoteza mwanafunzi. Katika waraka wa serikali yaweza kumpoteza ndege.

Sisi twapendekeza "chiriku wa Kipengere". Tunajua pingamizi litakalotolewa. Chiriku ajulikanaye Visiga na mahali pengi pa pwani ni kindege cha manjano chenye sauti nzuri, na huyu wa milimani ni wa kahawia. Lakini rangi haiamui ukoo. Yule wa manjano, ambaye kitaalamu ni Crithagra mozambica, na huyu wa Kipengere ni wa jenasi moja. Zamani wote waliwekwa katika jenasi Serinus. Uchunguzi wa viini vya urithi uliofanywa katika karne hii ndio uliowahamisha pamoja. Kwelea kwelea ni wa ukoo wa minana, na uko mbali nao. Hivyo neno la pwani, likipandishwa mlimani, linasema kweli ambayo tafsiri ya neno kwa neno imeificha.

Wengine watanung'unika kwamba chiriku ni pia mtu msemaji sana. Si hoja. Kasuku naye ni mtu arudiaye maneno ya wenzake, na hapana aliyewahi kudai kasuku abadilishwe jina.

Kwa haki ya mfasiri hatuna budi kukiri jambo moja. Hata hilo jina Crithagra limeundwa na neno la Kiyunani lenye maana ya shayiri; wataalamu nao walitazama chakula. Tofauti ni kuwa kwao jina hilo ni alama tu, na maelezo huja baadaye. Mfasiri wetu alilifanya jina kuwa maelezo, kisha akayaacha maelezo yenyewe matupu.

Maelezo yanayofaa kamusi au kitabu cha shule yangeweza kuwa haya: "Chiriku wa Kipengere: ndege mdogo wa jamii ya chiriku, wa rangi ya kahawia, mwenye mdomo mnene na michirizi myeusi kifuani na tumboni, asiye na mstari juu ya jicho, huishi katika misitu na vichaka vya milima ya kusini mwa Tanzania tu."

Limebaki jambo moja, nalo ni kubwa kuliko pendekezo letu. Wakinga, Wawanji, Wabena na Wasafwa wameishi na ndege wa milima hiyo kabla Reichenow hajashika kalamu. Kanuni yetu ya kuunda istilahi hutuagiza tutafute katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tutoke nje. Mfasiri huyu alianzia nje. Walimu walioko Makete, Njombe na Mbeya na wawaulize wazee, tena wakiwa na ndege mbele ya macho yao, wala si jina la Kiingereza mkononi. Wakituletea neno lililo bora kuliko chiriku wa Kipengere, tutaliacha letu bila kinyongo.