Ngozi, Fundi wa Taratibu

Saa nne asubuhi bibi amekaa kigodani uani, anachagua mchele. Ungo uko mapajani, vidole vinatoa chuya mojamoja, na jua linampiga mikononi. Kivuli cha mti wa kamba ya nguo ni kifupi kuliko mti wenyewe. Jua limepanda vya kutosha. Lingekuwa bado chini, miale inayohitajika ingemezwa kwa wingi na ozoni njiani. Namtazama bibi, lakini fundi ninayemfuatilia leo ni ngozi yake.

Malighafi ni mafuta ya jamii ya kolesteroli, yaitwayo 7-dehidrokolesteroli. Ngozi huyatengeneza yenyewe na kuyahifadhi katika utando wa seli, kwenye tabaka la juu lenye unene kama wa karatasi. Molekuli yake ina pete nne za kaboni zilizoshikana.

Chombo cha kazi ni mionzi ya urujuanimno B, yenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 290 hadi 315. Macho hayaioni, na kioo cha dirisha huizuia. Melanini, ile rangi inayompa bibi weusi wake, huidaka sehemu kubwa ili kuzilinda seli. Kwa hiyo kazi huenda polepole, lakini huenda.

Mwale ukipenya, hukata mahali pamoja tu: pete ya pili hufunguka. Kilichopatikana ni previtamini D3, bado si vitamini. Hapo zamu ya nuru imekwisha, joto la mwili linapokea. Molekuli hujipinda, atomu moja ya haidrojeni huhama, vifungo hujipanga upya. Huchukua saa kadhaa, hata siku mbili tatu, vitamini D3 ikamilike.

Fundi huyu anajua kiasi. Jua likizidi, ngozi inaweza kuungua, lakini vitamini haifiki kiwango cha sumu: previtamini ya ziada hugeuka lumisteroli na takisteroli.

Vitamini iliyo tayari hubebwa na protini ya damu hadi kwenye ini, kisha kwenye figo, inakokamilishwa. Ndipo utumbo unapofyonza kalsiamu ya kutosha. Mtoto akikosa vitamini hii, mifupa hulainika, miguu ikaingia matege.

Bibi amepepeta mara ya mwisho, ameingia jikoni. Mikono iko kivulini sasa. Kazi ya jua imekwisha. Ya joto ndiyo kwanza inaanza, na usiku, yeye akiwa usingizini, itakuwa bado inaendelea.