Uzi na Machungu ya Binadamu: Kazi za Everlyn Nicodemus

Nguo ndiyo impokeayo mtoto azaliwapo, na nguo ndiyo imfuatayo maiti kaburini. Baina ya siku hizo mbili hakuna furaha wala msiba umfikao mwanadamu pasipo kitambaa kuwa karibu: mbeleko, kanga ya harusi, kanga wanazojifunga akina mama matangani, na mwisho sanda. Hata hivyo, tuzungumzapo sanaa ya Taifa letu, hutaja ngoma, kinyago na shairi. Kazi ya uzi na ususi tukaiweka kando, katika fungu la kazi za mikono. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo si dogo, na shahidi wetu ni Bibi Everlyn Nicodemus.

Bibi huyu alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Mwaka 1973 alihamia Sweden, na huko akasoma anthropolojia. Alikuwa bado kijana alipofanya onyesho katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Kati ya mwaka 1984 na 1986 alifanya kazi aliyoiita Mwanamke Duniani, katika miji mitatu: Skive nchini Denmark, Dar es Salaam, na Calcutta nchini India. Aliketi na wanawake wa kila mji wakasimuliana maisha yao, kisha masimulizi hayo akayageuza kuwa picha na mashairi. Hapo pana funzo kwa kila msanii. Hakuwaendea wanawake wale kama mpelelezi mwenye daftari. Alikwenda kama mwenzao, akasikiliza kwanza, akaumba baadaye. Ndiyo maana swali lake la "mimi ni nani" halikubaki kuwa lake peke yake.

Mwaka 2004 alitengeneza kitambaa kirefu cha kukunjwa, kilichobeba kumbukumbu za mauaji ya halaiki yaliyowapata watu wa mataifa mbalimbali. Sisi tuliozeeka katikati ya majalada twajua jinsi ushahidi unavyopoa. Karatasi ikiisha kupewa namba na kuwekwa rafuni, kilio kilichomo hakisikiki tena. Bibi Nicodemus ameutoa ushahidi huo rafuni akautandaza juu ya nguo, yaani juu ya kitu kile kile tunachomfunikia marehemu.

Lakini sifa isitufumbe macho. Katika kazi hiyo maandishi yanaelekea kuushinda uzi, na mtazamaji hujikuta akisoma kuliko kuona. Shairi linaloeleza kila kitu humnyima msikilizaji nafasi ya kulia mwenyewe. Twasema haya kwa tahadhari, kwani tumezitazama kazi hizi katika picha tu. Zinatupendeza zaidi kazi zake za nguo za miaka ya karibuni, alizoziita Lazarus Jacaranda. Jina hilo peke yake linamkutanisha mfu aliyefufuka na mti unaochanua. Nasi wa Mbeya, tunaoiona mijakaranda ikivaa zambarau kabla ya mvua, hatuhitaji kufasiriwa.

Hebu sasa tutazame nyumbani, huku Nyanda za Juu Kusini. Katika makumbusho ya Kalenga, Iringa, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898. Lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, mwaka ule ule aliozaliwa Bibi Nicodemus. Shujaa ana ushahidi wake. Je, wanawake waliopoteza waume na watoto katika vita vile, ushahidi wao u wapi? Na mikono ya kuusimulia ipo. Akina mama wa Iringa wanasuka vikapu vya milulu, navyo vinasifiwa kwa uimara. Mjini Iringa, katika karakana ya Neema Crafts iliyoanzishwa mwaka 2003, watu wenye ulemavu wanafuma nguo. Twawauliza bei, hatujawauliza waliyoyaona. Hatusemi kila kikapu kigeuzwe kuwa kilio. Twasema kwamba ufundi ambao hauulizwi neno hufa bubu.

Wageni wametutangulia kutambua. Mwaka 2022 jumba la taifa la picha za watu mashuhuri, London, lilinunua picha aliyojichora Bibi Nicodemus mwaka 1982. Na mwaka 2024 jumba la sanaa la taifa mjini Edinburgh lilifungua onyesho kubwa la kazi zake za maisha. Nasi ndio wenye mwana! Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili tusiwe watu wa kungoja wengine watuambie kilicho chetu. Basi kazi hizi zirudi nyumbani zionekane, na si Dar es Salaam tu. Zifike Iringa na Mbeya, ziwekwe mbele ya msusi wa milulu. Huenda akazitazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema: hata mimi ninalo langu.