Mnunuzi Ndiye Aliyepanga Daraja

Filamu: Saving Mr. Banks (2013)
Mwongozaji: John Lee Hancock
Waigizaji: Emma Thompson, Tom Hanks, Colin Farrell

Filamu hii nimeiazima kwa mshikaji wangu hapa Urambo, nikaitazama mara mbili. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika. Ngoja niwaeleze.

Kisa chenyewe ni cha kweli. P. L. Travers, mzaliwa wa Australia aliyehamia Uingereza, alitoa kitabu cha Mary Poppins mwaka 1934, kuhusu yaya wa ajabu anayelea watoto wa mzee Banks. Walt Disney, bwana mkubwa wa katuni kule Marekani, alimwandama karibu miaka 20 amuuzie haki ya kukifanya filamu. Mama akakataa katakata. Mwaka 1961, mfuko ukiwa umetoboka, akaenda Los Angeles kuupitia mswada. Hataki katuni, hataki nyimbo, hataki hata rangi nyekundu!

Mwanzoni unamwona mkorofi tu. Halafu filamu inakurudisha Australia kwa baba yake: mtu wa benki, mcheshi, mlevi, aliyefariki binti akiwa bado mdogo. Kumbe mzee Banks ndiye huyo baba! Anayeuliza bei ya kitabu anauliza bei ya marehemu. Emma Thompson ameigiza, bwana. Mtazameni pale anapokaa kwenye nyasi akijenga kijumba cha majani kama mtoto.

Sasa hasira zangu. Filamu inaishia kwenye uzinduzi wa mwaka 1964. Mama analia ukumbini, nasi tunaachiwa tuamini kuwa moyo umepona. Kulia alilia kweli. Lakini zile katuni hakuzipenda, na alipokuja kuruhusu mchezo wa jukwaani uzeeni, aliweka sharti: waandishi wawe Waingereza, na asiwemo mtu wa ile filamu. Aliyepona huweka sharti kama hilo? Na Saving Mr. Banks imetengenezwa na nani? Kampuni ya Disney hiyohiyo! Travers alifariki mwaka 1996, hawezi kujibu.

Sisi wa huku mambo haya si mageni. Mkulima anakesha kwenye bani akichochea moto, siku ya soko daraja la tumbaku yake analitaja mwingine. Hata Mtemi Mirambo, sifa zake Ulaya zilienezwa na kalamu ya Stanley, ambaye mwaka 1871 alikuwa upande wa maadui zake.

Je, waandishi tuzikatae filamu? Hapana. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na anayetaka kulinganisha anakifungua kitabu. Hapo ndipo penye somo. Travers alishindwa kwenye filamu, lakini kitabu chake kilibaki kwa maneno yake mwenyewe.

Mimi nina riwaya kwenye madaftari matatu, na ndani yake yumo marehemu babu yangu. Akija mtu na fedha leo, kwa njaa hii, sidhani kama nitakataa. Ndiyo maana nataka kwanza nimalize daftari la nne, babu achapwe kama nilivyomjua mimi.

Itafuteni filamu hii, ni nzuri. Nanyi wenzangu, mngesaini? Tuandikieni.