Pongezi kwa Matangi ya Garratt

Vichwa 34 vya treni vya Garratt vya daraja la 59, vilivyoundwa na Beyer Peacock mjini Manchester na kuanza kuletwa Afrika Mashariki mwaka 1955, vinastahili sifa kwanza kwa matangi yao. Kichwa cha kawaida cha mvuke kilikokota nyuma behewa la maji na makaa, uzito usiosaidia kuvuta. Garratt iliyatwisha magurudumu yake ya kuvutia mzigo wa maji na mafuta, mbele na nyuma ya boila, ukayakandamiza yasiteleze relini: ubunifu ninaouheshimu mno. Mtu atapinga kwamba tangi likipungua, mshiko nao hupungua. Kweli, lakini behewa la nyuma halikuongeza mshiko hata lilipojaa, na Garratt hizi zilipandisha tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi.