Saa ya Mzungu wa Karanga

Lipo somo moja ambalo kila mtu hujidai kulijua, nalo ni namna ya kuitambua saa ya fahari, kama ni halisi au ni ya bandia. Mwulize dereva wa basi, mwulize mwalimu, mwulize kijana anayetembeza miwani na mikanda pale Kibaigwa wakati wa mavuno. Kila mmoja atakupa kanuni zake, na kanuni hizo zinafanana. Saa halisi ni nzito. Kioo chake hakikwaruziki. Mshale wake wa sekunde hauruki bali huteleza. Nimezisikia kanuni hizi kwa miaka mingi, na katika kurasa hizi nataka kuzihakiki, kwa sababu naona zinaaminiwa kupita kiasi cha kazi zinayoweza kuifanya.

Nianze na uzito. Kanuni hii ilikuwa na haki yake enzi zile bandia zilipotengenezwa kwa bati na kupakwa rangi ya dhahabu. Siku hizi chuma kisichoshika kutu kinapatikana kwa kila mwenye kiwanda, na kuongeza kipande cha chuma ndani ya saa si kazi ya kumtoa mtu jasho. Tena, ni wangapi hapa Kongwa waliowahi kuishika Rolex ya kweli kiganjani, hata waujue uzito wake? Mizani isiyo na jiwe haipimi kitu. (Huko Uganda neno hilo rolex ni chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, nayo angalau mtu akiila hujua kama ameshiba.)

Kioo nacho kina hadithi yake. Ni kweli kwamba saa za fahari za siku hizi hufunikwa kwa kioo cha yakuti iliyotengenezwa kiwandani, ambacho hakichubuki upesi. Lakini saa za miaka ya 1950, za kampuni hizo hizo, zilifunikwa kwa plastiki, na plastiki hukwaruzika hata kwa mkono wa shati lenye vumbi. Kwa hiyo anayeifuata kanuni hii bila kufikiri ataitupa saa ya kweli ya babu yake na kuikumbatia bandia iliyotoka dukani jana.

Mshale wa sekunde ndio wenye hoja nzito zaidi, na hapa yafaa tukae kidogo. Saa ya betri huruka mara moja kila sekunde. Saa ya ufunguo, au ile inayojijaza yenyewe kwa kutikisika mkononi, hupiga mapigo mengi zaidi: nyingi za zamani hupiga mara 5 kwa sekunde, na nyingi za fahari za leo hupiga mara 8, yaani mapigo 28,800 kwa saa moja, ndiyo maana jicho huona kama mshale unateleza. Basi mtu akikuuzia Rolex ambayo mshale wake unaruka tik, tik, una sababu nzuri ya kumtilia shaka. Hata hivyo usiape. Rolex yenyewe iliwahi kuuza saa za betri zilizoitwa Oysterquartz, kuanzia mwaka 1977. Kwa upande wa pili, viwanda vya China hutengeneza mitambo ya kujijaza kwa bei ndogo kabisa, na mishale yake huteleza vizuri tu. Kanuni hii basi yaweza kumtia mashaka mwongo mvivu. Mwongo mwenye bidii hupita mbele yake akiwa ameinua kichwa.

Hata saa ya watu wa kawaida, ile Casio ya plastiki iitwayo F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ilikuwa na siri yake: ukibonyeza kitufe cha kulia kwa muda wa sekunde tatu hivi, jina la kampuni hujitokeza kwenye kioo. Siri ilipoenea, waghushi nao wakaisikia, na sasa zipo bandia ambazo nazo hutoa jina hilo bila aibu. Ndivyo ilivyo kwa kanuni zote za namna hii. Ikishatangazwa kwa mnunuzi imetangazwa pia kwa mghushi, na mghushi ndiye msomaji makini zaidi.

Sasa nieleze jambo lililotokea kijijini kwetu, maana ndilo lililonifanya niyafikirie haya. Baada ya mavuno fulani alikuja mfanyabiashara kijana kwa bibi mmoja jirani yangu, akataka magunia ishirini ya mahindi kwa mkopo, ayapeleke soko la Kibaigwa bei ikipanda. Kama rehani alitoa saa. Magunia ishirini kwa bibi yule hayakuwa jambo la mchezo. Mvua za Kongwa ni za kubahatisha, na mahindi yale yalikuwa chakula chake na ada ya wajukuu. Tuliitwa majirani watatu kuwa mashahidi.

Saa ilikuwa ya rangi ya dhahabu, imeandikwa Rolex, na juu ya tarehe ilikuwa na kile kilenzi kidogo cha kukuza namba. Kijana akaeleza kwa heshima kwamba babu yake alikuwa dereva katika mpango wa karanga, na Mzungu wake, siku ya kuondoka, alimvulia saa hiyo mkononi akampa kwa kumshukuru. Vijana waliokuwepo wakaanza kazi yao. Mmoja akaipima uzito, akaridhika. Mwingine akakikwaruza kioo kwa ukucha, akaridhika. Wa tatu akasema mshale unaruka, na mwenzake akamjibu kwamba unaruka kwa sababu umezeeka. Ubishi ukawa mkubwa, na saa ikazunguka mikononi kama mtoto mchanga.

Kwa wakati wote huo hakuna aliyeichunguza hadithi. Nayo hadithi ndiyo iliyokuwa na kila kitu. Mpango wa karanga ulianza hapa Kongwa mwaka 1947, na serikali ya Uingereza ikautupa Januari 1951, ukiwa umekwisha kumeza pauni milioni 36 hivi. Kilenzi kile cha tarehe Rolex walianza kukiweka mwaka 1953. Saa ya mkononi ya betri yenye mapigo ya namna ile, ya kwanza duniani kuuzwa, ilikuwa ya Seiko, huko Tokyo, Desemba 1969. Hivyo hata kama saa ile ingekuwa imetoka Geneva ikiwa na muhuri wote, isingeweza kuwa saa ya Mzungu yule.

Bibi hakuwa na tarehe hizi. Alikuwa na za kwake. Wakati matrekta yanaondoka yeye alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na alikumbuka jinsi wenye saa walivyozitia ufunguo kila asubuhi. Akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hii saa inakula betri?"

"Ndiyo, bibi. Juzi tu nimeibadilisha."

"Na huyo Mzungu alimwachia babu yako na betri?"

Kijana akanyamaza. Magunia yalibaki ghalani hadi alipoleta kadi ya pikipiki yake, na hiyo tuliisoma mstari kwa mstari.

Labda si ajabu kwamba mafunzo haya yalipatikana Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulikaa Tanganyika majuma tisa hivi, ukaitazama nchi, sehemu kubwa kutoka kwenye ndege, ukaona inafaa kwa karanga. Uso wa nchi ulikuwa mzuri. Udongo wake hugeuka mgumu kama saruji kiangazi kikiingia, jambo ambalo Mgogo yeyote mwenye jembe angewaeleza kabla ya chai kupoa. Katika mpango ule ule yaliletwa matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita vya Sherman, yakaitwa Shervick. Yalikuwa mabovu, lakini hakuna aliyeyaita bandia, kwa kuwa hakuna aliyeficha asili yake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ubandia haukai ndani ya chuma. Unakaa katika neno linalosemwa juu ya chuma. Hata sheria yetu imeliona hilo: Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 haigombani na saa mbovu, inagombana na alama ya uongo.

Mfano mzuri uko Oman, waliko jamaa zetu wengi wa Unguja na Pemba. Baada ya kushika utawala mwaka 1970, Sultani Qaboos alikuwa na desturi ya kutunuku saa za Rolex zenye picha ya jambia, nembo ya nchi yake, kwenye uso wa saa. Leo wakusanyaji huzigombania kwa bei ya kutisha kwa ajili ya jambia lile dogo tu. Mghushi hana haja ya kutengeneza saa nzima. Huchukua Rolex halisi ya miaka ile, akachora jambia usoni. Uzito ni wa kweli, mapigo ni ya kweli, namba ya kiwandani ni ya kweli, na saa ni ya uongo. Kinachobaki ni kuuliza nasaba: alipewa nani, kwa utumishi gani, barua iko wapi.

Na wasidhani wakubwa kwamba wao wamepona. Novemba 2021 huko Geneva, saa ya Omega Speedmaster iliyosemwa kuwa ya mwaka 1957 iliuzwa mnadani kwa faranga milioni 3.1 za Uswisi hivi. Mwaka 2023 ilibainika kuwa imeungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, vingi vyake vikiwa vya Omega hasa, na kwamba waliokuwa watumishi wa kampuni walihusika. Mnunuzi aliyepigwa alikuwa Omega yenyewe.

Fundi saa wetu naye huungaunga. Huchukua gurudumu la Seiko 5 iliyokufa akalitia katika Seiko 5 inayokata roho, na hukwambia wazi amefanya nini. Nimemwona akifungua kifuniko cha nyuma cha saa ya mteja na, kabla ya kugusa mtambo, akakigeuza kwenye mwanga asome ndani yake. Mafundi wa zamani walikuwa na mazoea ya kuchora pale, kwa ncha ya sindano, tarehe au alama yao kila waliporekebisha saa. Kifuniko kile kilikuwa na michoro mitatu, ya mikono mitatu tofauti. Akatafuta nafasi pembeni, akachora wa nne.